Maji Uliyoyavulia Nguo

Iko methali moja niliyoifundisha shuleni miaka mingi, wala sikuitilia shaka hata siku moja. Yasema: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nalikuwa nikiwaeleza watoto kwamba mtu akianza kazi na aimalize, asirudi nyuma kwa uvivu wala kwa hofu. Ni mafundisho mema. Walakini siku moja naliisikia methali hiyo hiyo katika kinywa cha mpwa wangu, naye aliisema kwa namna iliyonitia baridi mwilini. Habari ile ndiyo nitakayo kuwaandikia leo, hasa ninyi mlio na mtoto, au mume, au ndugu, aliyejitahidi kuacha kamari, akaiacha kweli, kisha akaanguka tena.

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu mkubwa, naye huchukua abiria kwa pikipiki hapa mjini Songea. Jina lake silitaji; yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika. Ni kijana mpole, asiyekunywa pombe, tena hodari wa kazi. Watu waliposikia kwamba amenaswa na kamari walishangaa, kana kwamba kamari huchagua wavivu na wakorofi. Haichagui.

Zamani mwenye kutaka kucheza kamari alikuwa sharti autafute mchezo ulipo, mara nyingi kwa kificho, karata mbili tatu nyuma ya nyumba. Siku hizi mchezo ndio umtafutao mtu. Katika nchi yetu ni biashara ya halali, iliyowekewa sheria mwaka 2003, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha huwapa leseni wafanyao biashara hiyo; aliye chini ya miaka 18 amekatazwa kucheza. Mashine ziitwazo dubwi husimama karibu na maduka, zikimeza sarafu. Na simu ya mkononi, ile ile tunayoitumia kupeleka fedha ya ada na kuulizia habari za wagonjwa, imekuwa meza ya kamari ilalayo chini ya mto wa kijana usiku kucha. Huko ndiko mpwa wangu alikoweka mikeka yake. Kwa wazee wenzangu wasiojua, mkeka ni orodha ya michezo ya mpira ambayo mtu hutabiri jinsi itakavyokwisha; ikitimia yote, hupata fedha nyingi; ukiharibika mchezo mmoja tu, amekosa yote.

Nalipojua habari hii mara ya kwanza, nalifanya kama mwalimu afanyavyo: nalichukua karatasi na kalamu. Nikamwambia, "Tuseme kila mchezo una nafasi mbili katika tatu za kutimia kama ulivyotabiri. Ukiweka michezo tisa pamoja, nafasi ya kutimia yote ni kama moja katika 38 tu." Nikamwonyesha kuzidisha kwake hatua kwa hatua. Akanisikiliza kwa adabu hata mwisho, kisha akasema, "Mjomba, hesabu hiyo naijua. Taabu yangu si kutojua." Wakati ule nalidhani anajibu kwa kiburi. Sasa nafahamu kwamba alikuwa akinieleza ugonjwa wake kwa maneno machache kuliko mganga awezavyo. Shirika la Afya Duniani limeuweka ulevi huu wa kamari katika orodha yake ya maradhi, ile iliyoanza kutumika mwaka 2022, karibu na ulevi wa pombe na wa madawa. Ni nani kati yetu aliyewahi kumponya mlevi kwa kumwonyesha bei ya chupa?

Sasa niwaeleze kosa langu, maana bila hilo hadithi hii haina maana.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 iligunduliwa kwamba kijana ameuza pikipiki yake, nayo ilikuwa haijakwisha kulipiwa mkopo. Nikawakusanya ndugu nyumbani kwangu Bombambili. Nikamsimamisha mbele ya mama yake, mbele ya wajomba, mbele ya wadogo zake. Alilia, akaapa. Nami, nikitaka kiapo kile kimkae, nikasema mbele ya watu wote, "Ukirudia tena, usije kwangu. Mlango huu hutaujua." Wazee wakaitika kwa vichwa. Nalilala usingizi mzuri usiku ule, nikijiona nimeitengeneza nyumba ya dada yangu.

Kijana hakuacha siku ile; aliacha katikati ya Aprili, kwa shida zake mwenyewe. Akaanza kuendesha pikipiki ya mtu mwingine, akimpelekea mwenyewe hesabu kila jioni. Alinunua daftari dogo, akawa akipiga mstari mmoja kwa kila siku iliyopita bila kucheza. Mwezi wa Agosti alimnunulia mama yake mabati sita. Sisi sote tulifurahi, tukasema jambo limekwisha. Hapo napo palikuwa na kosa: tulipoona limekwisha, hatukumwuliza tena habari zake. Kumbe alikuwa akipigana kila Jumamosi, na hakuna aliyemwuliza vita vinakwendaje.

Dada yangu hulima mahindi upande wa Peramiho. Nanyi wa Ruvuma mwajua kwamba hapa kwetu hindi bila mbolea ni majani tu. Siku ya pili ya Noeli, tarehe 26 Desemba 2023, alimpelekea mwanawe kwa simu shilingi 240,000, ili kesho yake maduka yakifunguliwa anunue mbolea ya kukuzia na kumpelekea. Ilikuwa ni alama ya kumwamini tena, naye mama alifanya hivyo kwa makusudi. Lakini siku ile ndiyo siku Waingereza wachezapo michezo mingi ya mpira kwa pamoja. Kijana alikuwa peke yake chumbani, hana abiria, fedha imo ndani ya simu, na simu imo mkononi.

Aliweka mkeka wa michezo tisa, kwa shilingi 5,000. Minane ikatimia. Wa tisa ulikuwa ukienda vizuri hata dakika za mwisho, kisha likafungwa bao la kusawazisha, mkeka ukachanika.

Wataalamu wamechunguza jambo hili, wakaona kwamba kukosa kidogo humchochea mchezaji karibu sawa na kushinda. Moyo haumwambii, Umekosa. Humwambia, Ulikuwa karibu. Basi akacheza tena, akakosa. Akaongeza kiasi. Ilipofika saa nane za usiku hapakuwa na kitu katika simu, wala fedha ya mbolea, wala ya kula.

Asubuhi alizima simu. Mama yake alimpigia, hakumpata. Siku ya pili akanipigia mimi, nami nikampigia kijana, sikumpata. Mwenye pikipiki akasema chombo kimeachwa kwake alfajiri, na ufunguo umepitishwa chini ya mlango. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio. Nalizunguka mji: nikaenda Mfaranyaki, nikaenda stendi ya mabasi, nikauliza vijana wa vijiweni. Nikiwa natembea hivyo nalikumbuka maneno yangu: Mlango huu hutaujua. Wasomaji, ni neno baya sana kulikumbuka barabarani, unapomtafuta mtoto wa dada yako usijue kama yu hai. Yule kijana alikuwa amefanya vile vile nilivyomwagiza. Alikuwa amerudia, basi hakuja kwangu.

Siku ya tatu jioni rafiki yake mmoja alinihurumia, akanipeleka chumba kimoja Lizaboni. Nalimkuta ameketi sakafuni, hajala. Aliponiona alisimama kwa heshima, kama alivyosimama siku ile mbele ya ndugu, akangoja nianze kusema.

Nami sikuwa na la kusema. Nikaketi. Baada ya kitambo nikamwuliza jambo moja tu, nalo nalimwuliza waziwazi, maana nalikuwa nimeliogopa njia nzima: "Mwanangu, umewaza kujidhuru?" Akanyamaza, kisha akasema, "Usiku wa pili naliwaza, Mjomba." Wako wanaodhani kwamba kuuliza hivyo ni kumfundisha mtu ubaya. Sivyo; wazo kama limo, limo, na kuulizwa humpa nafasi ya kulitoa nje. Usiku ule hakulala peke yake, na kesho yake tulikwenda pamoja hospitali. Mtu wa kamari akianguka, aibu yake na deni lake humfikia saa moja, kwa hiyo hatari hii ni ya kweli, msiifanyie mzaha.

Tulipokwisha kula kidogo nikamwuliza ilikuwaje. Akanieleza yote niliyowaandikia, kisha akasema, "Mkeka wa kwanza ulipochanika, nalijiambia: Basi, nimekwisha kuharibu. Siku zangu zote zimepotea. Mimi ni yule yule. Na maji nikisha kuyavulia nguo, huna budi kuyaoga."

Nalimwomba anipe daftari lake. Nikahesabu mistari, ilikuwa 255. Kisha, kwa kuwa mwalimu haachi kuwa mwalimu, nikachukua tena kalamu, lakini safari hii nikafanya hesabu nyingine. Nikamwuliza, "Mkeka wa kwanza ulipochanika, ulikuwa umepoteza shilingi ngapi?" Akasema, "Elfu tano." "Na fedha iliyobaki ilikuwa kiasi gani?" Akafikiri. "Mia mbili thelathini na tano elfu." Nikamwambia, "Basi tazama. Tamaa ilikunyang'anya elfu tano. Hizi 235,000 hukunyang'anywa na tamaa. Umenyang'anywa na methali."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani ni mara ya kwanza katika habari hii yote nilipomwambia jambo asilolijua.

Baadaye nalikuja kusoma kwamba mtaalamu mmoja wa Marekani, Alan Marlatt, aliyeshughulika na walevi wanaorudia ulevi, alilieleza jambo lile lile katika kitabu alichokitoa pamoja na Judith Gordon mwaka 1985. Alitenga kuteleza na kuanguka kabisa. Kuteleza ni tendo moja. Kinachomvuta mtu kutoka katika kuteleza mpaka kuanguka ni yale anayojiambia baada ya kuteleza: akisema, Nalikosea kwa sababu nalikuwa peke yangu na fedha mkononi, aweza kusimama, maana jambo hilo lina dawa, akisema, Nimekosea kwa sababu mimi ndivyo nilivyo, atajitupa chini hata mwisho. Nikaona kwamba wazee wetu walikuwa na neno la pili niliposahau kulifundisha pamoja na lile la kwanza: Kuteleza si kuanguka.

Lakini mimi nalilifahamu zaidi kwa maneno ya mke wangu, aliye Mmatengo wa Mbinga. Mwajua jinsi Wamatengo walimavyo katika milima mikali kwa ngolo: hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba, hufukua udongo wa katikati na kuyafunika, hata mlima mzima ukaonekana kama sega la nyuki, mashimo na matuta, mashimo na matuta. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake, wala udongo hauendi mtoni. Mke wangu akasema, "Kwetu mvua kubwa ikibomoa tuta moja, hakuna asemaye kwamba mlima umeharibika. Lakini hakuna alalaye pia. Tuta lile lisipotengenezwa upesi, maji yake hushukia shimo la chini, nalo likijaa hubomoka, na la tatu vile vile." Alisema hivyo akiwa akipepeta mchele, bila kunitazama, naye hakuwa akitoa mafundisho. Alikuwa akiuliza tu kwa nini tulimwacha kijana siku tatu.

Iko habari nyingine niliyomsimulia kijana katika siku zile, kwa kuwa alikuwa akisema, "Nimeapa mara nyingi, nani ataniamini?" Mwandishi mkubwa wa Urusi, Fyodor Dostoevsky, alikuwa mtumwa wa kamari kwa muda wa karibu miaka kumi. Mwaka 1866 alitunga kitabu kizima juu ya mcheza kamari kwa siku 26, ili atimize mapatano na mchapishaji. Mtu angedhani kwamba aliyeweza kuueleza ugonjwa hivyo amekwisha kuushinda. La. Mwaka uliofuata alimwoa Anna, mwandishi wake wa hati mkato, wakasafiri Ujerumani, na huko aliweka rehani vipuli vya mkewe na nguo zake, akapoteza, akaomba radhi kwa machozi, akarudia. Mwezi wa Aprili 1871, katika mji wa Wiesbaden, alipoteza tena, akamwandikia mkewe kwamba sasa amekwisha kabisa na jambo hili. Anna alikuwa amekwisha kuyasikia maneno kama hayo. Lakini mara ile ilikuwa kweli: aliishi karibu miaka kumi zaidi, hata 1881, asicheze tena. Kiapo cha mwisho kilifanana na vile vilivyotangulia. Aliyekuwa nje hakuweza kuvipambanua. Simsifu Anna kwa kumpa mumewe fedha ya kwenda kuchezea, maana alifanya hivyo pia, na mke ye yote wa kwetu asimwige. Namsifu kwa kuwa barua ile ya mwisho ilikuwa na mtu wa kuandikiwa.

Basi yafuatayo tuliyafanya. Kwanza, kijana alikwenda mwenyewe kwa mama yake. Nalimsindikiza mpaka njia panda tu. Alitaja kiasi chote, asipunguze hata shilingi, maana nalikuwa nimemwambia kwamba mwenye kutaja nusu ya deni hubaki na nusu ya siri, na siri ile humrudisha kucheza ili ailipe kabla haijajulikana. Dada yangu alilia, akakasirika sana, alikuwa na haki. Kisha akampa chakula.

Pili, sikumlipia deni lile, ijapokuwa nalitamani. Nalimkopesha dada yangu fedha ya mfuko mmoja wa mbolea ili shamba lisife, na kijana akalipa kidogo kidogo kila juma mpaka Juni. Tatu, aliandika kuomba afungiwe hesabu zake za kuchezea. Na fedha yake sasa hukaa kwa mama yake na katika kikoba cha vijana wenzake, na simu aichukuayo ni ile ndogo ya vitufe. Hii si adhabu. Mwenye mguu uliovunjika hupewa fimbo, na hakuna amchekaye. Nne, kila Jumamosi jioni, saa michezo inapoanza, huja kwangu kula. Hatuzungumzi sana habari ya kamari. Hucheza bao na wajukuu wangu, nao humshinda.

La daftari tulishindana kidogo. Alitaka kulitupa na kuanza jipya, siku ya kwanza. Nikamkataza. Nalimwambia apige mstari mwekundu mmoja kwa usiku ule, na siku ifuatayo aandike 256. Zile 255 alizishinda, na mabati sita bado yamo juu ya nyumba ya mama yake. Mvua inyeshayo Januari haiulizi kama mwenye kuyanunua alianguka Desemba.

Mbolea ilichelewa, na haikutosha. Upande wa chini wa shamba mahindi yalibaki ya manjano, mafupi, na mavuno ya mwaka 2024 yalipungua kwa magunia saba. Sitaficha hilo, kwa maana dada yangu alilihisi, akauza kidogo, akaahirisha mambo yake.

Kuhusu ule mlango, nalimwita kijana siku moja mbele ya ndugu wale wale, kadiri walivyopatikana, nikasema kwamba neno nililolisema mbele yao nalifuta mbele yao. Mzee mmoja hakupendezwa. Alisema namlegeza kijana. Huenda. Lakini yeye hakutembea nami siku zile tatu.

Mwezi wa Septemba mwaka 2024, siku ya Jumatano, saa nne za usiku, simu yangu ililia. Ilikuwa sauti yake, nayo ilitetemeka. Akasema, "Mjomba, nimeanguka. Nimepita penye dubwi nikiwa na chenji ya abiria. Elfu tatu." Nikamwuliza, "Elfu tatu zote, au elfu tatu na nyingine?" Akasema, "Elfu tatu tu. Mfukoni nina elfu kumi na moja za mwenye pikipiki. Nimesimama barabarani." Mke wangu alikuwa amekwisha kuamka, akawa anatafuta kiberiti.

Nikamwambia, "Njoo nazo. Mlango u wazi, na ugali tunaupasha moto."